Jinsi Walivyokiimba Kitabu cha Bi Mwanaidi

Bi Mwanaidi alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi ya watu wake, haraka na bila hotuba, na mimi nilishukuru. Hotuba zilikuja wiki iliyofuata. Wakubwa wa kaunti waliona haifai mwandishi aliyeishi Kisumu maisha yake yote aondoke hivihivi, basi wakafunga mahema meupe katika ua wa jumba moja kule Milimani, wakatupanga kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, wakatugawia soda. Mshereheshaji, kijana aliyevaa suti ya kumbana, alimwita marehemu "mama mzazi wa Ziwa Limerudi". Kisha watoto wa shule wakapanda jukwaani, wamevaa rangi ya buluu kutoka kichwani hadi miguuni, wakaimba: "Ziwa limerudi, Gunda kasamehewa, simameni tucheze!" Na watu wakasimama, wakacheza. Mama aliyekuwa kando yangu aliketi akihema, akafuta jasho, akaniambia, "Huyu mama alikuwa na roho ya furaha kweli. Ona vile ameandika." Nikamwambia hakuandika hivyo. "Aah?" Nikamwambia hakuandika hata neno moja la wimbo ule, na kwamba kama angekuwa hai angetoka nje ya hema. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa harusini, akahamisha kiti chake.

Tangu siku hiyo nimejaribu kutuliza hasira nikashindwa. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila mwaka mwanafunzi mmoja au wawili wananiambia wanaijua hadithi ya Bi Mwanaidi, na wanachokijua ni zile ngoma za Ziwa Limerudi, mchezo uliotolewa kwenye kitabu chake. Kitabu hawajakiona. Wengi hawajui kwamba kuna kitabu. Kwa hiyo nitaeleza mwaka mmoja tu. Habari za kwetu na wazazi wangu naziacha, hazihusiki hapa. Ni mwaka ule niliomaliza shule, nikiwa sina kazi wala karo ya chuo, nikikaa mtaa wa Obunga, hapahapa Kisumu, kwa shangazi yangu, Anti Risper, na kila alasiri nikitembea kwenda Kaloleni kumsomea Bi Mwanaidi.

Anti Risper alikuwa akikaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki na kichwa na mkia baada ya viwanda kuchukua minofu yote ya kupeleka ng'ambo. Sufuria yake ya mafuta ilikaa mlangoni, na chumba chetu kimoja kilinuka samaki hata kwenye mto wa kulalia. Kwa Bi Mwanaidi kulinuka tangawizi na mafuta ya taa. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mwislamu wa mji, babu zake wengine wa pwani na wengine wa hapahapa bara, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kuamrisha. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anaona vivuli na rangi tu, na ndiyo sababu alimwomba aliyekuwa mwalimu wangu amtafutie msichana anayejua kusoma bila kukimbia. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya mbao, mkeka, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na dirisha lililotazama njia ya msikitini. Nilimsomea magazeti. Alibishana na kila aya. Nikimaliza, alinipikia ngege, sato wa kwetu, kwa nazi, na nilipomsimulia Anti Risper kwamba kuna watu wanaotia nazi kwenye ngege, aliweka mwiko chini. "Samaki imekosea nini?" aliuliza. Lakini siku niliyomletea kidogo kwenye bakuli, alilamba hadi bakuli lenyewe.

Siku moja magazeti hayakufika, nikamwomba nimsomee kitabu chake mwenyewe. Kilikuwa juu ya kabati, chembamba, jalada la kijani lililofifia: Aliyemeza Ziwa. "Haya, kisome," alisema. "Nione kama bado kinauma." Nilikisoma kwa siku kadhaa, sura moja au mbili kila alasiri, naye akisikiliza amefumba macho, mikono magotini.

Ni hadithi ya mji wa kando ya ziwa ambao siku moja uliamka ukakuta tope tupu. Mbali kule, mahali palipokuwa katikati ya maji, ameketi Gunda, kiumbe mwenye koo kama bonde, aliyelimeza ziwa lote. Gunda hasemi neno katika kitabu kizima. Ukimkaribia unasikia tu maji yakigongana tumboni mwake, na ndani ya maji hayo sauti za watu. Zawena, mchoma samaki mzee, mwenye mguu mbovu na ulimi mbaya, anaanza safari ya kuvuka tope kwenda kumtapisha. Wanawake wengine wanamfuata wakiimba ili wasizame. Njiani anagundua kwamba Gunda hakuliiba ziwa. Aliuziwa. Aliyetia sahihi ni karani wa mji, Sefu, mtoto wa Zawena mwenyewe. Na Zawena anaendelea mbele. Anamtapisha Gunda, ziwa linarudi na ghadhabu yote, na linapofika mjini linaingia kwanza nyumba ya karani. Sefu anazama na watoto wake wamelala. Zawena amesimama mlimani anatazama, na kitabu kinaishia hapo.

Huku kwetu hadithi za vijiji vilivyozama tunazijua tangu utotoni, lakini sijawahi kusikia moja iliyonifanya nishikilie kiti. Nilimwuliza kwa nini Zawena hakumwokoa mwanawe. "Kwa sababu alitia sahihi," alisema. Pengine kwa kuwa sikubisha, ndipo akanieleza habari za binti yake, Salma. Salma alikuwa mwalimu ng'ambo ya ziwa, na likizo ilipokwisha alipanda boti Luanda Kotieno avuke kwenda Mbita. Boti ilikuwa imejaa watu, na juu ya watu wakapakia magunia ya saruji. Wavuvi waliokuwa ufukoni walisema boti imelala sana majini. Mwenye boti alikuwapo mwenyewe, amesimama na miwani ya jua, akasema iondoke, watu wamelipa. Ilizama watu wa ufukoni wakiiona. "Wakaja kuandika," Bi Mwanaidi alisema. "Wakaandika kwamba ni upepo. Siku ile hata nguo zilizoanikwa hazikutikisika. Lakini imeandikwa upepo, na mwenye boti hakuulizwa hata jina la baba yake." Alisema haya akiwa anachambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia, na hakuacha kuchambua.

Katikati ya mwaka ule ndipo alipokuja Bwana Omolo. Alikuwa mtu wa Kisumu aliyeishi Nairobi miaka mingi akiongoza michezo ya kuigiza, mwenye skafu shingoni hata jua likiwaka, mcheshi, mwenye kukumbuka jina lako. Alitaka kukifanya kitabu kuwa mchezo wa nyimbo na ngoma. Mchapishaji alikuwa ameshakubali, na mkataba ulimpa haki hiyo, lakini alikuja kumwamkia mwandishi kwa heshima. Bi Mwanaidi alifurahi. Nalisema hili wazi kwa sababu leo kuna wanaodai alikuwa mama mwenye wivu asiyependa sanaa ya jukwaani. Alifurahi mpaka akatuma soda dukani. "Watu hawasomi," aliniambia Omolo alipoondoka, "lakini wataimba. Wakiimba wataelewa."

Maandishi ya mchezo yaliletwa baada ya muda, nikayafungua nimsomee.

"Onyesho la kwanza," nilisoma. "Zawena, msichana mrembo wa miaka kumi na minane, anaingia akiimba na ua sikioni."

"Zawena yupi?"

"Zawena wetu, Bi."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

Alipapasa birika, akanimiminia chai, nyingine ikamwagika kwenye kisahani. "Endelea."

Nikaendelea. Zawena alikuwa na mchumba, mtoto wa mfalme. Gunda aliingia kwa vituko, akijikwaa tumbo lake, na alikuwa na wimbo mrefu kuliko wote, wa kuchekesha, kuhusu kiu yake isiyoisha. Nikafika pale mzee wa mji anapoeleza jinsi ziwa lilivyopotea. "Upepo mbaya ulivuma, ukalichukua ziwa, na hakuna ajuaye sababu."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Karani yuko wapi?"

Nilipekua kurasa mpaka mwisho. "Hayumo."

"Sefu hayumo?"

"Hayumo, Bi. Hakuna aliyeuza."

Alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia vifuniko vya sufuria vikigongana bila sababu. Alirudi na sahani mbili za wali. "Kula," alisema, "na mimi nile. Nikikasirika na njaa nitasema upuuzi, na kesho nataka niseme maneno mazuri."

Kesho yake Omolo alipokuja, Bi Mwanaidi alimpokea wima. Nilikuwa nimeketi mkekani na nilisikia yote. Omolo hakuwa mjinga, na hoja yake naikumbuka vizuri kwa sababu nimeisikia tena mara nyingi kutoka kwa watu wengine. Alisema kitabu mtu anakisoma peke yake, anaweza kulia, anaweza kukifunga akapumzika. Ukumbini mtu amekuja na watoto, amevaa nguo nzuri, hana pa kukimbilia. "Huwezi kumzamishia mtoto wa mtu mbele ya macho yake halafu umwambie kwaheri, rudi nyumbani salama. Jukwaa linataka mlango wa kutokea, Bi Mwanaidi." Akasema mama mzee mwenye hasira hawezi kubeba nyimbo za saa mbili.

"Mimi ni mama mzee mwenye hasira," Bi Mwanaidi alisema. "Nimebeba zaidi ya hizo. Sikatai nyimbo. Katika kitabu wanawake wanaimba wakivuka tope. Wimbo huo umeufanyaje?"

Omolo akakohoa. "Huo tumeukata. Ulikuwa unarefusha."

Katika kitabu kizima kulikuwa na wimbo mmoja tu, na katika mchezo wa nyimbo wakaukata huohuo. Hata leo nikilikumbuka hilo hunilazimu kuweka kalamu chini.

Kabla hajaondoka, Omolo alinisikia nikiosha vyombo huku nikiimba wimbo wa kwaya ya kanisani, akaniuliza kama ningependa kujaribiwa sauti. Nilikataa. Bi Mwanaidi akasema niende. Nilidhani ananitania. "Ukikataa watamweka mwingine," alisema, "na huyo hatajua anachokiimba. Nataka pale juu awepo hata mmoja aliyekisoma kitabu." Basi nikajaribiwa, nikapewa Zawena, ua sikioni na yote. Anti Risper alitangazia Obunga nzima. Wateja wake walianza kuniita "star", na mzee mmoja aliyekuwa hanunui hata mfupa alinunua ili aniangalie.

Tulifanya mazoezi kwa miezi. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Kulikuwa na mambo mazuri katika mchezo ule, mengine kuliko kitabuni. Pale kiu inapoingia mji, Omolo aliwapa wanawake wa kwaya vyungu vitupu, wakavipiga kwa viganja, polepole, kisha haraka, wote pamoja, na sauti ile ya utupu ilinifanya nisisimke mwili kila mara. Bi Mwanaidi alipoisikia nilipomwigizia kwa sufuria zake, alitikisa kichwa akasema, "Hiyo sikuiweza kwa kalamu." Omolo alikuwa na kipaji. Laiti angekuwa hana, mchezo ungekufa baada ya wiki, na mimi leo nisingekuwa na la kuandika.

Mtu aliyegharamia mchezo alituita siku moja kwake Milimani tufanye mazoezi uani na tule chakula cha mchana. Alikuwa Mheshimiwa, na jina lake silitaji. Nyumba yake ilikuwa na nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mwanajeshi, magari mawili kivulini, na bomba lililokuwa likimwagia maua tangu tulipofika hadi tulipoondoka, wakati Obunga tulipanga foleni ya maji. Tulipewa pilau, kuku, na samaki mzima kila mtu. Nilipoingia ndani kutafuta mahali pa kunawa, nilipita karibu na sebule nikamsikia akizungumza na Omolo.

"Hiyo mwisho umebadilisha kabisa?"

"Kabisa, Mheshimiwa. Hakuna anayezama."

"Sawa. Mambo ya watu kuzama hatutaki. Ile story ya boti ya Luanda Kotieno watu wameanza kusahau, usiwakumbushe. Mimi nilisumbuliwa sana wakati ule."

"Ni furaha tupu," Omolo alisema. "Watacheka mpaka walie."

Nilisimama pale na mikono yangu yenye mafuta ya samaki. Sikunawa. Nilitoka kwa lango la nyuma, nikatembea hadi Kaloleni, nikamwambia Bi Mwanaidi kila neno. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu sauti yake ilikuwaje, nzito au nyembamba.

"Nzito. Anacheka kila akimaliza sentensi."

"Ndiye mwenye boti," alisema. "Jina lake nalijua tangu siku ile. Sikujua kwamba ndiye anayelipia ngoma." Nikamwambia naacha mchezo kesho. "Huachi. Mimi nakuja kutazama."

"Bi, hutaona."

"Nitasikia. Nataka nisikie atacheka wapi."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja mjini, umejaa hadi watu wameketi madirishani. Bi Mwanaidi aliketi mstari wa mbele, pembeni, ndani ya buibui lake jeusi, na Anti Risper amevaa nguo yake ya kanisani akimnong'oneza yanayotokea. Mheshimiwa alikuwa katikati ya mstari huohuo na mkewe. Niliona yote kutoka jukwaani. Vyungu vilipopigwa, ukumbi ulinyamaza kimya, na kwa muda mfupi nilifikiri labda nimekosea, labda kitapita kitu. Kisha Gunda akaingia akijikwaa tumbo lake, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na Mheshimiwa alicheka kuliko wote. Bi Mwanaidi aligeuza uso kuelekea sauti ile, na akauacha hapo hadi ngoma ya mwisho.

Mwishoni Gunda alitapika ziwa: kitambaa kirefu cha buluu, watoto wakikikimbiza huku na huku. Hakuna nyumba iliyoguswa. Gunda akapiga magoti, akaomba radhi, na kazi yangu ilikuwa kumshika mkono na kuanzisha wimbo wa msamaha. Omolo akatokea pembeni na kumwalika Mheshimiwa apande acheze na Gunda. Akapanda. Alijua kucheza, lazima niseme. Watu walipiga miluzi. Na hapo, katikati ya ngoma, Bi Mwanaidi alisimama akasema kwa ile sauti yake ya darasani:

"Na waliozama wako wapi?"

Ngoma zilipungua. Watu wakageuka.

"Mmesamehe kwa niaba ya nani? Salma yuko wapi?"

Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu nyuma akapaza sauti, "Mama, umeweza!" na makofi yakazidi, ukumbi mzima, na Bi Mwanaidi amesimama katikati ya kelele ile akigeuza kichwa huku na huku, haoni nani anampigia makofi wala kwa nini. Nilimtazama Mheshimiwa. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani. Kisha akaanza naye kupiga makofi.

Niliuachia mkono wa Gunda. Nilitoa lile ua sikioni, nikashuka ngazi, nikamshika Bi Mwanaidi mkono mmoja, Anti Risper akamshika mwingine, tukapita katikati ya watu waliotupigia makofi hadi mlangoni. Nyuma yetu kwaya ikaendelea bila mimi. Nje jua lilikuwa kali. Tulipofika chini ya kibanda cha muuza maji, Bi Mwanaidi akaniuliza, "Walipiga makofi?"

"Ndiyo, Bi."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Basi hata mimi wameniingiza mchezoni," alisema, akaketi juu ya kreti.

Siku iliyofuata Omolo alituma mtu aje kuchukua gauni la mchezo nililoondoka nalo. Magazeti yalisifu mwisho wa kusisimua ambapo mwandishi mwenyewe alishiriki. Na hili ndilo linalonichoma hata sasa kuliko yote: walilipenda. Katika maonyesho yaliyofuata Omolo alimpanga mama mmoja mwenye buibui jeusi kati ya watazamaji. Wimbo ukifika mahali pale, anasimama na kuuliza waliozama wako wapi, naye Gunda anamjibu, "Tumboni hapa, mama, wote wazima!" na watu waliozama wanatoka nyuma ya pazia mmojammoja wakicheza. Hivyo ndivyo mchezo unavyochezwa hadi leo. Walimwondoa karani, wakamwondoa mama mzee, na hata kilio cha mama mzee walipokipata wakakifanya kichekesho. Siku niliyomweleza Bi Mwanaidi, alisema kwa utulivu ulioniogopesha, "Salma anatoka nyuma ya pazia akicheza."

Nilidhani amekata tamaa. Sikumjua bado. Baada ya wiki chache alisema anataka kwenda Luanda Kotieno, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu siku ile. "Kitabu hiki nilikiandika nikiwafikiria watu wa pale," alisema, "halafu nikakipeleka Nairobi kikachapwa, wakakisoma watu wa shule. Wenyewe hawajakisikia." Anti Risper alikuwa na rafiki kule, mwanamke wa samaki aitwaye Min Okoth, yaani mama yake Okoth, aliyepoteza watu katika boti ileile. Tukaenda watatu.

Tulifika asubuhi. Omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu, zinang'aa kama bati, na wanawake wakizigeuza kwa mikono. Min Okoth alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya kubeba mizigo na macho yasiyopepesa. Alitutafutia banda la kuuzia samaki, akawaita wenzake, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa na mafurushi ya nyavu. Wengine walikuja kwa kuwa walifiwa, wengine kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Nilisoma sura ya kuvuka tope na sura za mwisho. Kiswahili kilipokuwa kigumu nilikigeuza Kijaluo. Mwanzoni walizungumza kwa sauti za chini, mtoto akalia, mtu akatoka kwenda kupima samaki. Nilipofika pale sahihi ya karani inapojulikana, hakuna aliyetoka tena. Mwanamke mmoja alisema jina la mwenye boti, wazi, kama mtu anayetema kitu. Nilisoma mpaka maji yanaingia nyumba ya Sefu, mpaka Zawena amesimama mlimani. Nikafunga kitabu.

Kisha Min Okoth akasema, "Mama, nataka kuuliza. Hao watoto wa karani walikuwa wamelala?"

"Walikuwa wamelala," Bi Mwanaidi alijibu.

"Wao waliuza nini?"

"Hawakuuza kitu."

"Sasa kwa nini umewaua?"

Nilitaka kuingilia. Anti Risper alinikanyaga mguu.

"Kwa sababu Salma wangu naye hakuuza kitu," Bi Mwanaidi alisema.

"Hiyo si jibu. Hiyo ni hasira."

"Ndiyo. Ni hasira."

"Mimi wangu walikuwa wawili kwa hiyo boti," Min Okoth alisema. "Kijana yangu na mke yake. Huyo mtu nikimpata hapa ningemshika mimi mwenyewe nimweke kwa maji, na ningekaa juu yake. Lakini mtoto yake? Hapana. Hapo umekosea, Mama. Umeandika vizuri, lakini hapo umekosea."

"Mimi ningeweka hata mtoto," mwanamke mwingine akasema kutoka nyuma. "Ndiyo ajue."

"Ajue nini? Wewe utalala?"

"Sasa mimi nalala?"

Wakaanza kubishana, wote kwa pamoja, Kiswahili na Kijaluo vimechanganyika, na sikuweza tena kutafsiri. Mmoja alisema Zawena angeshuka mlimani akawatoe watoto halafu amwache baba yao. Mwingine akasema mguu wake mbovu, angeshuka saa ngapi? Mwingine alitaka kujua kwa nini hakuna aliyempeleka Sefu mbele ya watu kabla maji hayajafika, akahukumiwe, na hapo sauti zikapanda hadi wanaume waliokuwa wakishona nyavu wakaja kusimama mlangoni. Bi Mwanaidi alikuwa amesogeza kiti chake mbele, shingo ameinyoosha, akiufuata kila mdomo kwa masikio. Alibishana nao. Alikubali jambo, akalikataa lingine, akamwambia Min Okoth, "Wewe ungeandikaje? Niambie, nataka kujua," na Min Okoth akamwambia, kwa urefu, akipiga paja lake. Uso wa Bi Mwanaidi ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, wala sikuiona tena katika miaka yote niliyomjua baadaye. Walituletea ugali na omena iliyokaangwa na nyanya. Alikula kwa mkono mmoja, wa pili akiutumia kubishia.

Alasiri ilianza kuinama, na safari ya kurudi Kisumu ilikuwa ndefu. Nilimgusa bega nikamwambia, "Bi, tutachelewa. Twende."

Min Okoth alinyoosha mkono akamshika Bi Mwanaidi kifundo cha mkono. "Haendi mahali," aliniambia. "Bado hatujamaliza na yeye."

"Umesikia," Bi Mwanaidi alisema bila kunigeukia. "Kaa chini."